Je, wajua kwa nini sokwe wa Gombe wanategemea mkutano mkuu wa kijiji?

Sokwe jike akikaribia kupevuka, kwenye umri wa miaka 11 hadi 13 hivi, huanza kuondoka kwao. Hafukuzwi na mtu. Anavuka mpaka wa kundi alilozaliwa, anajiunga na kundi jingine na kuzaa huko, na mara nyingi harudi tena. Madume hubaki walikozaliwa maisha yao yote. Kwa njia hiyo sokwe huepuka kuzaliana ndugu kwa ndugu, kama koo nyingi za watu zinavyokataza kuoana ndani ya ukoo.

Sasa huyo binti anapita wapi?

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma, ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Nchi kavu yake haifiki kilomita za mraba 40. Ni ukanda mwembamba unaoanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi kwenye kingo za milima zinazozidi mita 1,500. Upande wa magharibi ni maji, na sokwe hawaogelei. Pande nyingine zote ni ardhi ya vijiji: Mwamgongo kaskazini, Mtanga kusini, na nyuma ya kilele kuna vijiji vya wakulima wa kahawa, mihogo, maharage na michikichi. Ndani wamebaki sokwe takriban 100, katika makundi matatu: Mitumba, Kasekela na Kalande. Gombe baadhi ya majike hubaki na kuzaa palepale walipozaliwa, jambo ambalo kule Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe iliyo kusini zaidi kando ya ziwa hilohilo, si la kawaida, na sababu mojawapo inayotajwa ni hiyo ya kukosa pa kwenda.

Kwa hiyo hata askari wa hifadhi wafanye kazi yao bila kasoro hata moja, Gombe peke yake haiwezi kuwatunza sokwe kwa vizazi vingi. Inahitaji msitu nje ya mpaka wake, na nje ya mpaka huo mwenye uamuzi ni mwanakijiji.

Hali hiyo si ya Gombe pekee. Tanzania ina sokwe wanaokadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 2,500, na takriban robo tatu yao wanaishi nje ya hifadhi za taifa, hasa katika miombo ya Masito na Ugalla wilayani Uvinza na kuelekea Katavi. Katika miombo mikavu ya huko chakula kimetawanyika, hivyo kundi moja huzunguka makumi ya kilomita za mraba kwa mwaka. Halafu sokwe huzaa polepole mno: jike hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka 5 au 6. Kundi likipoteza majike wawili watu wazima, pengo hilo halizibiki kwa muongo mmoja.

Ardhi hiyo inaamuliwaje?

Katika nchi kama Brazil au Canada, haki ya kutunza ardhi ya asili hufuata watu: taifa fulani la wenyeji, eneo lao. Tanzania haikwenda njia hiyo. Hapa haki hufuata kijiji kilichosajiliwa, akae humo Muha, Mtongwe, Mvinza, Mbembe au Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Kwa Kigoma hili lina maana kubwa, kwa sababu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwachanganya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, hasa Watongwe waliozoea makazi madogomadogo yaliyotawanyika milimani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji. Nchi chache barani Afrika zimewapa wanavijiji mamlaka mapana kiasi hicho juu ya msitu, na nadhani hatujaithamini ipasavyo hatua hiyo.

Kazi huanza kwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, wenye hatua sita kwa mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Hatua ngumu kuliko zote ni mpaka. Wazee wa vijiji viwili vinavyopakana hutembea pamoja mpakani, mto kwa mto, mwamba kwa mwamba, na mpimaji huchukua alama. Wasipokubaliana, kila kitu husimama, maana cheti cha ardhi ya kijiji hakitolewi penye mgogoro. Vijiji vingi vimekwama hapo kwa miaka, tena kwa bonde ambalo hakuna aliyelijali mpaka siku ya kupimwa.

Mpaka ukishapatikana, wanakijiji hugawa eneo lao: makazi, mashamba, malisho, akiba ya vizazi vijavyo, vyanzo vya maji, msitu. Kwenye vyanzo vya maji sheria imeshakata shauri: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ukifuata mita hizo 60 kila upande wa kijito, umepata ukanda wa mita 120 wa miti mikubwa, na misitu ya kingo za mito ndiyo sokwe wanayoitegemea kiangazi kwa kivuli, matunda ya mikuyu na mahali pa kulala. Sheria iliyowekwa kwa ajili ya maji imewapa sokwe barabara.

Baada ya hapo kijiji huunda kamati ya maliasili, huandika mpango wa usimamizi wa msitu, na kutunga sheria ndogo: nani aokote kuni kavu, mizinga itundikwe wapi, mti gani haukatwi kabisa, faini ni kiasi gani. Rasimu husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kisha hupelekwa kwenye baraza la madiwani. Sheria ndogo isiyopitishwa wilayani haina meno. Mkosaji akifikishwa mahakamani anashinda, na habari hiyo huenea kijijini kabla ya jua kuzama.

Karibu na Gombe mpango huu ulifanyika kwa upana. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall (mtafiti aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025), ulianza na vitalu vya miche, maji, afya na mikopo midogo, kwa kuwa hayo ndiyo wananchi waliyoyataka. Msitu ulikuja baadaye. Kufikia mwaka 2009, vijiji 13 vilikuwa vimekamilisha mipango ya ardhi na kutenga jumla ya zaidi ya hekta 9,000 za misitu ya vijiji, sehemu kubwa ikiwa kwenye vilima vilivyo mgongoni mwa hifadhi.

Huko vilimani kuna somo la kilimo ambalo kila kijiji cha miombo kingefaa kulijua. Miche ya vitaluni mingi hufa. Lakini mti uitwao mtundu na ndugu zake wa miombo wakikatwa, mizizi hubaki hai chini miaka na miaka, na kisiki huchipua. Eneo likiachwa bila moto mkali na bila jembe, kilima kilichokuwa kipara hurudi kuwa kichaka kwa miaka michache tu, bila senti ya mche. Ukitaka kuharakisha, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kila kisiki, punguza mengine, na rudia kazi hiyo mwaka unaofuata. Dodoma wanaiita kisiki hai. Miti ikirudi, uyoga nao hurudi, kwa sababu uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti hiyo. Kina mama wanaouokota mvua za kwanza zinapoanza huliona badiliko hilo mapema kuliko picha ya setilaiti.

Adui wa machipukizi ni moto wa Agosti hadi Oktoba. Majani yakishakauka kabisa, moto hupanda juu na kuunguza kila kichipukizi. Ndiyo maana kamati zenye uzoefu huchoma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, tena jioni upepo ukitulia, ili moto upite chini na kuzimika wenyewe. Kabla ya hapo husafisha ukanda wa mita 4 hadi 6 mpakani mwa msitu. Ukanda huo usiposafishwa mwaka mmoja tu, kazi ya miaka mitano inaweza kuteketea kwa alasiri moja.

Ulinzi wa kila siku uko mikononi mwa wafuatiliaji wa misitu waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Hutembea na simu yenye programu ya kurekodi: tanuri la mkaa, mtego wa waya, kisiki kibichi, shamba jipya, kiota cha sokwe. Viota ndiyo njia kuu ya kuwahesabu sokwe, kwa sababu kila sokwe aliyeacha kunyonya hujisukia kiota kipya karibu kila jioni, na kiota hubaki kikionekana kwa miezi.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi kwenye fedha. Mgeni hulipa kiingilio hifadhini, mtalii hulala kambini, lakini sokwe anayelala kwenye msitu wa kijiji hamletei mwanakijiji chochote, na akishuka kula ndizi ni hasara tupu. Mfuatiliaji asiye na posho wala mabuti ataacha kutembea, na si haki kumlaumu. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyohifadhi misitu ya milima ya Ntakata vimepata njia: huuza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kuiacha miti isimame na kuendelea kuhifadhi kaboni, na fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa na kulipia bima ya afya. Tatizo la pili ni uongozi. Serikali ya kijiji hubadilika kila baada ya miaka 5, na mwenyekiti mpya asiyekabidhiwa ramani wala kumbukumbu za mikutano anaweza kugawa shamba katikati ya msitu bila kujua, au akijua. La tatu ni mifugo inayoingia kwa wingi kutoka mikoa ya kaskazini. Kijiji kisichotenga malisho kwenye mpango wake kimejitengenezea ugomvi, kwa kuwa ng'ombe watakula mahali fulani tu.

Upo mchango mwingine wa wenyeji usioonekana kwenye ramani, nao ni elimu yao. Novemba 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa na mnyonge. Pamoja naye alikuwepo Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za miti. Chausiku alikwenda kwenye kichaka kimoja, akamenya maganda ya chipukizi, akatafuna kiini cha ndani, akanyonya utomvu wake na kutema nyuzi. Mohamedi aliutambua mti huo: mjonso, mchungu kupindukia, dawa ambayo Watongwe huitumia kwa minyoo, homa na maumivu ya tumbo. Kesho yake sokwe yule alikuwa amepata nguvu. Wawili hao walichapisha taarifa yao mwaka 1989, na uchunguzi wa maabara uliofuata ulikuta ndani ya mjonso kemikali zinazopambana na vimelea. Utafiti wa jinsi wanyama wanavyojitibu ulipata msingi mkubwa pale, na usingeupata kama pangekosekana mtu aliyejua jina la mti na kazi yake. Inauma kukumbuka kwamba Mahale ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, Watongwe walikuwa wameshahamishwa kutoka milima hiyo, ukiwemo Nkungwe, mlima wao wa matambiko.

Duniani kote picha inafanana. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wa asili wanamiliki au kusimamia angalau kilomita za mraba milioni 38 katika nchi 87, karibu robo ya nchi kavu yote. Huenda umesikia pia kwamba wanalinda asilimia 80 ya viumbe hai vyote. Hiyo usiirudie: mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wenyeji wa asili wenyewe, waliandika katika jarida la Nature kwamba takwimu hiyo haina ushahidi nyuma yake. Mataifa yalipokubaliana Desemba 2022 kule Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, yaliandika wazi kwamba maeneo ya wenyeji yatambuliwe na haki zao ziheshimiwe. Kwa Kigoma maandishi hayo yana maana pale tu ramani ya kijiji inapokuwa imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtendaji, na sheria ndogo za msitu zikiwa na muhuri wa wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mkazi yeyote anaweza kusimama humo akaomba zisomwe.