Muuza rolex (chapati ya kuviringishia mayai) mzima wa afya anaweza kukupa taifodi

Jamani hii ya kusema "yule jamaa wa rolex pale stejini mbona yuko fiti, ataniambukiza nini" tuiache. Kuna watu wanaugua taifodi, homa inaisha, wanarudi kazini, kumbe bakteria wamejificha kwenye mfuko wa nyongo na wanatoka na choo hata kwa miaka, sasa akitoka chooni bila kunawa na sabuni akakukatia nyanya, wewe ndo unalala kitandani na yeye wala hana habari. Chapati na mayai kikaango kinaua vijidudu, shida ni ile nyanya mbichi inayowekwa mwisho.

Mary Mallon, mpishi wa New York, alibisha kabisa kuwa ana taifodi lakini familia alizopikia ziliugua. Walimtenga 1907, wakamwachia 1910, akarudi jikoni (kichwa ngumu!), 1915 wakamtenga tena mpaka akafa 1938.

Ebola sasa ni kinyume, hapo watu wanachanganya sana: ambaye hajaanza dalili haambukizi, ndo maana waliomgusa mgonjwa wanafuatiliwa siku 21. Kwa hiyo kumkimbia mtu asiye na dalili 2022 eti katoka Mubende, kule Uganda Ebola ilikolipuka mwaka huo, ulikuwa uonevu tu.