Kabla hujaiachia AI ikufanyie mapitio ya machapisho, soma hii

Msimu wa tasnifu ukifika sisi watu wa maktaba za vyuo hapa Mwanza tunaulizwa swali lilelile, je naruhusiwa kutumia AI kwenye mapitio ya machapisho? Kwanza soma mwongozo wa chuo chako, lakini kama wanaruhusu mimi nasema tumia, tena itakuokolea muda mwingi, ila angalia unaipa kazi gani maana kuna kazi inaziweza na kuna nyingine ukiipa unajiharibia mwenyewe.

Chukua mfano wa hapahapa kwetu. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, jamii 12 zikapangwa kwa jozi 6, upande mmoja vituo vya afya na zahanati zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, watumishi wakafundishwa na dawa zikawepo, upande wa pili huduma ikabaki kama ilivyokuwa. Baada ya miaka 2 waliopata maambukizi mapya ya VVU walikuwa 1.2% kwenye jamii zilizoboreshewa na 1.9% kwenye zile nyingine, yaani pungufu kwa karibu 40%. Dunia nzima iliusoma. Halafu mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa utafiti wa Rakai, Uganda, nao ni wa kutibu magonjwa ya zinaa, na maambukizi ya VVU hayakupungua.

Sasa iulize chatboti yoyote kama kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza VVU. Mara nyingi itakwambia matokeo ya tafiti yanatofautiana na utafiti zaidi unahitajika, na wanafunzi wanaikopi sentensi hiyo hivyohivyo. Sio uongo, lakini haina kitu ndani. Mwanza mgonjwa mwenye dalili alikuwa anaenda kituoni na kutibiwa siku yoyote, Rakai timu zilipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 zikiwapa dawa watu wazima wote, wenye dalili na wasio nazo, na katikati hapo mtu anaweza kuambukizwa upya. Pia Mwanza wakati ule VVU ilikuwa kwa karibu 4% ya watu wazima, Rakai karibu 16%, yaani janga lilikuwa kwenye hatua tofauti kabisa. Kueleza kwa nini tafiti mbili za kanda moja zimepishana, hiyo ndo kazi ya mapitio, na msimamizi wako ndicho anachokitafuta kwenye sura ya pili.

Kwa hiyo usiiombe AI ikupe jibu, iombe ikuandalie meza ya kufanyia kazi. Weka PDF zote mbili kwenye NotebookLM, programu ya AI ya Google, inajibu kutokana na mafaili uliyoipa na inakuonyesha ilipochukua. Iambie itengeneze jedwali: nani alipewa matibabu, yalitolewaje, kila baada ya muda gani, VVU ilikuwa asilimia ngapi mwanzoni, matokeo yalipimwaje, na kila kisanduku kiwe na sentensi ya makala ilipotoka, na kama makala haisemi iandike "haijasemwa". Usiache hicho kipande cha mwisho, maana hizi programu usipoziruhusu kusema hakuna, zinajaza tu. Halafu fungua PDF mwenyewe ulinganishe namba moja moja. Kwa mfano zile 1.2% na 1.9% za Mwanza ni za miaka 2 yote, wakati Rakai walihesabu kwa kila miaka-watu 100, yaani ni kama watu 100 wakifuatiliwa kwa mwaka mmoja, wakapata 1.5 pande zote mbili. AI inaweza kuzipanga kwenye safu moja vizuri kabisa na wewe ukazilinganisha, kumbe sio kipimo kimoja.

Kwenye kutafuta makala, Elicit, Consensus na Semantic Scholar ni nzuri, unauliza kwa sentensi ya kawaida na zinaleta makala zinazokaribiana hata kama maneno hayafanani. Ila mara nyingi zinakuwa zimesoma ikisiri tu, makala yenyewe imefungwa kwa malipo. Usikate tamaa hapo, muulize mkutubi wako kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, taasisi za Tanzania zinastahili kupata majarida mengi kupitia huko na inasikitisha wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kuisikia. Na ripoti zetu za ndani, tasnifu za vyuo vyetu, ripoti za TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) pale Nyegezi, nyingi hazimo kwenye hizo AI, hizo unazifuata kwa miguu au kwenye hazina za mtandaoni za taasisi husika.

Rejea za kubuni bado zipo, jina la mwandishi la kweli, jarida la kweli, makala haipo duniani. Kila rejea iliyotoka kwa chatboti chukua DOI yake, yaani namba ya utambulisho wa makala, uiweke kwenye doi.org, isipofunguka au ikifungua makala nyingine, iondoe. Ukitunza rejea zako kwenye programu ya Zotero ni bure na inakuonya kama makala imeshafutwa na jarida.

La mwisho, na hili naomba sana hasa nyie mnaofanya utafiti hospitalini au kwenye mialo ya samaki: makala zilizochapishwa pakia, lakini mahojiano yako yenye majina, namba za simu au hali ya VVU ya watu usiyapakie kwenye AI ya bure. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na yule mama muuza dagaa aliyekubali kuongea na wewe alisaini fomu ya ridhaa kwa ajili ya utafiti wako, sio kwa kampuni ya nje. Kama unataka AI ikusaidie kuchambua mahojiano, andika hilo kwenye ombi la kibali cha maadili kabla hujaanza kukusanya data.