Je, wajua kwa nini mkahawa wa Kiethiopia huwa na vyakula vingi visivyo na nyama?

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika mkahawa mdogo wa Kiethiopia, uwe Nairobi au Addis Ababa kwenyewe, mara nyingi huwa amekwisha kusikia habari za nyama. Ameambiwa juu ya kitfo, nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini na kuchanganywa na samli na pilipili, ambayo wenyewe huipenda ikiwa mbichi au imepashwa moto kidogo tu. Ameambiwa pia juu ya minofu mibichi inayokatwa kwa kisu papo hapo mezani na kuchovywa katika pilipili ya unga. Basi hushangaa anapoikuta orodha ya vyakula imejaa mapishi yasiyo na nyama, wala maziwa, wala yai, na hushangaa zaidi ikiwa siku hiyo ni Jumatano au Ijumaa, kwa kuwa huenda kila sinia inayopita mbele yake ikawa imebeba mboga na kunde tupu. Nchi yenye ng'ombe wengi kiasi kile, inayohesabiwa kuwa ya kwanza Afrika kwa mifugo hiyo, ilipataje mapishi ya namna hii?

Jibu limo katika neno moja: tsom, yaani mfungo. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo si geni sana, kwa sababu ni ndugu wa saumu yetu. La kwao limetoka katika Kige'ez, lugha ya kale ambayo hadi leo ni ya ibada, na la kwetu limetoka katika Kiarabu, na lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja wa Kisemiti. (Kitunguu saumu hakimo katika undugu huo, jina lake lina asili nyingine.) Tofauti iliyopo ni kwamba saumu ya Mwislamu huangalia zaidi saa za kula, ilhali tsom ya Mkristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia huangalia saa na pia aina ya chakula chenyewe. Anayefunga hali nyama, hanywi maziwa, hatumii siagi, jibini wala mayai, hata baada ya kufungua. Kuhusu samaki waumini hawakubaliani, na wapo wanaomla na wapo wanaomwepuka. Katika mfungo mkuu wengi hawatii kitu kinywani mpaka saa tisa alasiri, saa ambayo Injili inasema Yesu alikata roho. Na saa tisa hiyo ni saa tisa kama yetu, maana Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko, hivi kwamba Mswahili akipewa miadi Addis Ababa hana haja ya kuongeza wala kupunguza sita.

Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo, lililoota mizizi katika ufalme wa Aksum katika karne ya 4 wakati wa Mfalme Ezana, lina kalenda ya mfungo ambayo ni makanisa machache duniani yanayoikaribia. Jumatano hufungwa kukumbuka siku Yesu alipofanyiwa shauri la kukamatwa, na Ijumaa kukumbuka kusulubiwa kwake, mwaka mzima, isipokuwa katika siku 50 zinazofuata Pasaka na pale sikukuu ya Genna, ambayo ndiyo Krismasi yao, au ya Timkat, ya ubatizo wa Yesu, inapoangukia Jumatano au Ijumaa. Kabla ya Pasaka kuna mfungo mkuu wa siku 55, ambao juma lake la kwanza lina jina la Heraclius, yule mfalme wa Bizanti wa karne ya 7 aliyepigana na Waajemi. Kabla ya Genna, inayoadhimishwa tarehe 7 Januari, hufungwa siku 43. Mwezi wa Agosti kuna Filseta, siku 15 za kumheshimu Mariamu, ambazo hata watoto hujitahidi kuzifunga. Ukiongeza mfungo wa Mitume, ambao urefu wake hubadilika kila mwaka, pamoja na siku 3 za Ninawi, mji uliotubu katika kisa cha Yona, hesabu hufika siku zipatazo 180 kwa muumini wa kawaida, na kwa makasisi na watawa huweza kufika 250. Maana yake ni kwamba mpishi wa nyumba ya Kiorthodoksi hupika bila nyama na bila samli karibu nusu ya mwaka, na kwa mujibu wa sensa ya 2007 Waorthodoksi walikuwa asilimia 43.5 ya watu wote wa Ethiopia.

Hapo ndipo mambo ya jikoni yanapoanza kueleweka. Mtu anayekosa nyama siku moja kwa juma anaweza kula mkate mkavu na kusubiri kesho, lakini watu wanaoikosa kwa siku 55 mfululizo, mwaka baada ya mwaka na kizazi baada ya kizazi, hulazimika kukifanya chakula cha mfungo kiwe kitamu kwa haki yake. Tena si suala la kuondoa nyama tu. Ladha ya mchuzi wa Kiethiopia wa siku za kawaida hubebwa na niter kibbeh, samli iliyochemshwa pamoja na vitunguu saumu, tangawizi, iliki ya kienyeji iitwayo korarima na viungo vingine, na samli hiyo nayo ni haramu wakati wa tsom. Mpishi akiikosa hurudi kwenye mafuta ya mbegu, na tangu zamani mafuta ya nyanda za juu yalikuwa ya noug, mmea wa maua ya manjano ulio jamaa wa alizeti, wenye mbegu ndogo nyeusi.

Mafuta peke yake hayatoshi. Kinachoupa mchuzi wa mfungo uzito wake ni vitunguu maji vyekundu, vingi kuliko anavyotarajia mgeni, vinavyokatwa vidogo sana na kukaangwa katika sufuria kavu bila tone la mafuta, vikikorogwa kwa subira mpaka vinalainika na kuanza kuyeyuka. Ndipo mafuta hutiwa, kisha berbere, ule unga mwekundu wa pilipili kavu, tangawizi, korarima, uwatu, habasoda, rehani na vinginevyo, ambao kila nyumba ina kipimo chake na kila nyumba huamini kwamba kipimo cha jirani kimekosea. Adesi nyekundu zikipikwa katika rojo hilo huitwa misir wot, na kwa maoni yangu hiki ndicho chakula cha kumpima nacho mpishi wa mkahawa mdogo: adesi zake zikiwa na ladha ya pilipili mbichi isiyoiva, ujue alikuwa na haraka na vitunguu.

Pembeni yake hukaa kik alicha, njegere kavu zilizopasuliwa na kupikwa kwa manjano bila pilipili kali, gomen, majani yanayomkumbusha Mkenya sukuma wiki yake, kabichi iliyopikwa pamoja na karoti na viazi, bitiruti, na azifa, adesi za rangi ya kijani zinazoliwa zikiwa baridi, zenye ukali wa haradali unaopanda puani. Shiro ina habari yake. Ni unga wa dengu, zile ambazo unga wake kwetu hupikiwa bajia, au wa kunde nyingine zilizokaangwa, kumenywa na kusagwa pamoja na viungo, na huandaliwa kwa wingi nyumbani kisha ukawekwa kwa miezi. Siku ya kupika, maji, mafuta na vitunguu vikiwa tayari, haupiti muda mrefu kabla mchuzi mzito haujaletwa mezani ukiwa bado unatokota katika chungu kidogo. Maskini huula kwa sababu ni wa bei nafuu, na tajiri huula kwa sababu ameukulia. Ubunifu hufika hata kwenye mzaha: kuna chakula kiitwacho yeshimbra asa, maana yake samaki wa dengu, ambacho ni kinyunga cha unga wa dengu kilichokatwa kwa umbo la samaki, kikakaangwa na kuungwa katika mchuzi wa berbere.

Vyote hivyo vikipangwa kwa mafungu madogo madogo juu ya injera moja, mkate wao mpana na laini, katika sinia, jina lake ni yetsom beyaynetu. Sehemu ya kwanza ni ile ile tsom, na ya pili maana yake ni kila aina. Injera yenyewe haina haja ya kubadilika, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana: ni unga wa teff, nafaka yao yenye punje ndogo sana, na maji, uliochachushwa kwa siku 2 au 3 kwa kimiminika cha chachu kilichobakizwa kutoka katika donge lililotangulia, ukaokwa upande mmoja tu mpaka juu yake patoboke matundu yanayonyonya mchuzi. Hamna maziwa, hamna yai, kwa hiyo mkate wa sikukuu na wa mfungo ni mmoja. Tena nafaka kama teff na kunde hukamilishana kwa protini, kila moja ikileta kilichopungua kwa mwenzake, na ndiyo maana mtu huweza kufunga karibu miezi miwili na bado akalima. Kunde nazo haziletwi kutoka mbali, kwani wakulima wa nyanda za juu huzipanda kwa zamu shambani na teff, ngano na shayiri ili kuupumzisha udongo.

Kuna sababu nyingine iliyoifanya sinia hii idumu mjini, nayo haihusu mfungo moja kwa moja. Kwa desturi, Mkristo wa Ethiopia hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu hali iliyochinjwa na Mkristo. Sensa hiyo ya 2007 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu theluthi moja ya wananchi, na marafiki wa dini mbili wakitaka kula pamoja, sinia ya beyaynetu huwaondolea swali la nani alishika kisu.

Biashara nayo hufuata kalenda. Wakati wa mfungo mkuu mabucha mengi ya Addis Ababa hufunga milango au hukaa bila wateja, mikahawa huuza piza isiyo na jibini, na wafugaji hupata shida ya soko la maziwa, kwa sababu ng'ombe hafungi. Waethiopia walipoikimbia nchi yao kwa wingi baada ya mapinduzi ya 1974, wengine wakaenda Marekani na kufungua mikahawa katika miji kama Washington na Los Angeles, ambako sehemu ya barabara ya Fairfax ilipewa rasmi jina la Little Ethiopia mwaka 2002. Huko walikuta wateja wasiokula nyama kwa sababu zao wenyewe, za afya au za huruma kwa wanyama, na sinia iliyotengenezwa kwa ajili ya Jumatano na Ijumaa ikawa ya kila siku.

Anayetaka kuagiza chakula hicho amwambie mhudumu yetsom beyaynetu, bila kulisahau lile neno la kwanza, kwa kuwa siku zisizo za mfungo shiro huweza kutiwa samli, na ile iitwayo bozena shiro huwa na vipande vya nyama. Akiwa na shaka aulize, kibe alew?, yaani kina siagi? Jumatano na Ijumaa swali hilo kwa kawaida halina kazi, isipokuwa katika zile siku 50 baada ya Pasaka.