"Piga juu kwanza"

Juzi nilikuwa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye yadi moja inayotunza injini za boti na nyavu, nikifundisha walinzi kumi na mmoja. Nilianza na swali langu la siku zote: saa nane za usiku, mtu karuka ukuta, wewe uko lindo na shotgani yako, unafanya nini? Wa kwanza akajibu bila kupumua: "Napiga mbili juu, afande, ya tatu mguuni." Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile, ila yeye alisema pajani. Nilipomfikia wa tisa, akasema angepiga moja tu juu, maana ofisini wamempa risasi tatu. Huyo angalau hesabu anaijua.

Ningenyamaza, mbona nimeshazoea. Lakini jioni mwenye yadi, mzee wa watu, mwenye adabu zake, akanivuta pembeni: "Mwalimu, waelekeze wapige upande wa ziwani. Kule hakuna mtu, ni maji tu." Nikamshukuru kwa chai, nikaondoka. Nimekaa na maneno yale siku tatu, leo nayatua.

Sheria niimalize haraka. Hakuna mahali Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapomwambia mtu apige mbili hewani kabla ya kujitetea. Soma kifungu cha 18 na wenzake, 18A, 18B na 18C. Kinachozungumzwa pale ni haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, kwa nguvu ya kiasi inayolazimu. Ukizidisha, unajibu wewe. Hiyo "mbili juu, ya tatu mguuni" imetoka kwenye vijiwe na kwenye sinema, na mguu nao una mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika mtu anakwisha kabla hujampata bodaboda wa kumpeleka hospitali. Polisi wana maelekezo yao, siwasemei. Nasema na mlinzi wa kampuni, mlinzi wa mtaa, na mwenye duka anayemiliki silaha kwa kibali.

Sasa risasi yenyewe. Wanaobishana nami hunitajia majaribio ya kule Florida, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ya mwanajeshi wa Marekani aitwaye Julian Hatcher. Silaha iliwekwa ielekee juu kabisa, watu wakakaa kwenye jukwaa katikati ya maji wakingoja risasi zirudi. Walipiga zaidi ya 500, zilizoangukia jukwaani zilikuwa 4. Mwendo wa kurudi ulikadiriwa kuwa futi 300 kwa sekunde, yaani mita 90 hivi. "Unaona," wananiambia, "inarudi imechoka." Ndugu yangu, mita 60 hivi kwa sekunde zinatosha risasi kupasua ngozi. Halafu ile silaha ilikuwa imefungwa, inatazama mbinguni. Wewe usiku, umeshtuka, moyo unadunda, kidole kinatetemeka, utapiga wima? Mlinzi aliyeshtuka hupiga "juu" ambayo kwa kweli ni mbele-juu. Risasi iliyotoka mshazari hairudi imechoka, inakwenda na mwendo wake mpaka ikutane na kitu. Puerto Rico, mkesha wa mwaka mpya wa kuingia 2004, watu 19 walijeruhiwa na risasi za kusherehekea tu, mmoja wao akafa. Hakuna aliyekuwa amemlenga mtu.

Nikubali moja kabla hamjaniandikia: shotgani yenye gololi ndogo za ndege, ukipiga juu sana, zinaanguka kama mtama uliomwagwa, hazimwumizi mtu. Sawa. Lakini ni wangapi lindo wanajua walichopewa ni gololi ndogo, gololi kubwa au risasi moja nzima? Gololi kubwa zinafika mita mia kadhaa. Nimewahi kumwomba mlinzi atoe risasi zake, tukakuta aina mbili tofauti kwenye mfuko mmoja, na moja ina kutu kitakoni.

Tena tuko Kigoma, si uwanja wa mpira. Mji umepanda vilima. Ukisimama mwaloni ukapiga "juu" kuelekea mjini, hiyo juu yako ni dirisha la mtu.

Na ziwani ndiko kabisa. Mzee wa watu anasema kule ni maji tu. Mchana labda. Usiku, giza linapokuwa giza, simama Katonga utazame: ziwa lote limewaka taa za wavuvi wa dagaa, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa vizuri. Sasa niambie, mwizi naye anapenda usiku gani? Huohuo wa giza. Kwa hiyo usiku ambao mlinzi ana sababu ya kufyatua ndio usiku ambao ziwa limejaa watoto wa watu. Na maji hayamezi risasi kama watu wanavyodhani. Risasi ikiyagusa kwa pembe ndogo huruka, kama kijiwe bapa anachorusha mtoto ufukweni, na ikisharuka hujui imeelekea wapi. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, taa zile hazikuwepo, na boti na injini zilikuwa zimejaa nchi kavu zikihitaji walinzi. Miezi ile mitatu ningemwelewa kidogo mzee wangu. Kidogo.

Lakini hayo yote, pembe, mwendo, maji, nikiyaeleza watu hutikisa vichwa wakaniambia: "Sawa, tutapiga wima." Ndipo ninapokasirika, kwa sababu shida kubwa siyo inakoangukia. Shida ni kwamba mlio wa bunduki hausemi kitu.

Hapa kwetu tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Novemba 1871, Stanley alipokuwa anaingia Ujiji kumtafuta Livingstone, msafara wake ulipiga bunduki hewani, mlio juu ya mlio. Watu wa Ujiji wakafanya nini? Walikimbilia huko huko mlio ulikotoka! Ndiyo iliyokuwa desturi ya misafara kutoka Unyanyembe, kule Tabora, hadi hapa: bunduki ilikuwa hodi. "Tumefika, njooni mtupokee, leteni cha kuuza." Baruti ileile, hewa ileile, na wasikilizaji wakaelewa "karibuni".

Mlio maana yake anaitia anayeusikia. Wewe getini umepiga ukimaanisha "ondoka". Mwizi wa sufuria atasikia "ondoka", naam, na angeondoka hata ungekohoa. Jambazi mwenye silaha atasikia "tunashambuliwa" na atakujibu kwa lugha hiyohiyo. Mkoa huu umepakana na nchi zilizopigana miaka mingi, na watu wa barabara za Kibondo na Kasulu wanajua kwa nini mabasi yaliwahi kusindikizwa na askari. Mwenzako wa geti la nyuma naye anasikia nini? Haoni. Anasikia bunduki imelia upande wako, anajua umeuawa au unauawa, anakuja amekoki, kidole kiko ndani. Kivuli cha kwanza atakachokutana nacho kinaweza kuwa wewe. Jirani anasikia, anaingia uvunguni, anazima taa, na ule msaada wa mtaa ambao ungekuokoa umeshajifungia mlango.

Mtu mmoja amesikia onyo na watatu wamesikia vita.

Bado hatujahesabu risasi. Bunduki ya mtutu mmoja, ile ya risasi mojamoja, ukishapiga juu ni rungu. Rungu zito, la gharama, na mwizi mzoefu anajua. Atakuona unahangaika kutoa ganda na kusaka risasi nyingine mfukoni kwa mikono inayotetemeka.

Halafu mahakamani. Nimekaa na mawakili mara kadhaa juu ya hili na swali lao ni lilelile, la kukunyoa pande zote mbili: kama maisha yako yalikuwa hatarini kweli, ulipata wapi nafasi ya kupiga mawingu? Na kama hayakuwa hatarini, ulifyatua silaha kwa nini? Kule Florida mwaka 2012 mwanamke mmoja alihukumiwa miaka 20 kwa risasi aliyosema ni ya kuonya, haikumgusa mtu. Hukumu ilitenguliwa mwaka uliofuata, na mwaka 2014 wakabadilisha sheria yao kwa ajili ya visa vya namna hiyo. Wao ni wao, sisi tuna zetu. Ila swali la kinyozi ni lilelile popote.

Onyo lenyewe sikatai. Onyo ni lazima! Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya silaha, zile za Havana 1990, ziliandikwa kwa ajili ya polisi, lakini mlinzi yeyote angepaswa kuzijua: jitambulishe, toa onyo la wazi kwamba utatumia silaha, mpe mtu muda wa kulisikia, isipokuwa kama kungoja kutaleta hatari ya kifo au madhara makubwa. Onyo la wazi. Wazi ni maneno. "Simama! Mlinzi hapa! Nina silaha, weka mikono juu!" Filimbi. Tochi machoni mwake. Na wewe uwe nyuma ya kitu kigumu, siyo katikati ya uwanja kama mnara.

Kuna wanaopiga hewani na wanajua wanachofanya. Polisi wa Ujerumani na wa Uholanzi wanaruhusiwa, nao si wajinga, wamefundishwa na wanawajibishwa kwa kila risasi. Meli za kivita huonya kwa kupiga mbele ya omo, yaani pua ya meli inayoonywa. Askari wa wanyamapori huku kwetu, kwa wakulima walio karibu na Moyowosi au Ugalla, hufyatua juu tembo wakiingia shambani, na ingawa tembo naye huzoea, bado ni afadhali kuliko kumwua. Tembo hana wakili wala bunduki ya kujibu.

Sasa la kwangu, maana mtu akinijua atalileta mwenyewe. Nilipokuwa kijana lindo, kwenye ghala moja nisilolitaja, nilipiga juu. Walikuwa watatu, wakatoka mbio, wakaacha hadi viatu. Asubuhi nilipewa soda na sifa. Wiki mbili baadaye nikasikia kwa muuza mboga kwamba mtaa wa pili kuna mama bati lake limetoboka juu ya kitanda cha mtoto, na mtoto usiku huo alikuwa amelala kwa bibi yake. Inawezekana ni msumari ulikuwa umelegea. Inawezekana ni mimi. Sikwenda kuangalia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko tundu lenyewe. Nikimsikia mtu anasema "mimi nilipiga juu na ikasaidia", najua anasema kweli, na najua pia kwamba hajafuata risasi yake.

Kuna jambo jingine sina jibu lake. Nikimnyang'anya mlinzi risasi ya hewani, namwachia nini mkononi? Tochi yake betri zimekufa, redio koli haipo, mshahara umechelewa, na mimi nimemwambia asifyatue mpaka maisha yawe hatarini. Naogopa kwamba mmoja wa wanafunzi wangu siku moja atakuta kati ya kelele na kifua cha mtu hakuna kitu katikati, naye atachagua kifua, wakati mwizi yule angekimbia kwa mlio mmoja wa juu. Hilo naliwaza usiku. Nimebaki na msimamo wangu, lakini sijabaki nao kwa raha.

Yule wa tisa, mwenye risasi tatu, aliniuliza mwishoni: "Afande, na sauti ikikataa kutoka je?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana huwa inakataa kweli, koo linakauka kama umekula majivu. Nikawatoa nje wote kumi na mmoja, nikawapanga ukutani, mmoja mmoja apige kelele ile ya "Simama! Mlinzi hapa!" mpaka niisikie nikiwa kule kwenye boti zilizopandishwa. Wa kwanza alitoa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Walipofika wa tano au wa sita wakawa wamepata moto. Wa tisa alipiga kelele moja, mama muuza migebuka ng'ambo ya barabara akaacha meza yake na samaki juani, akaja mbio na wenzake wawili na mchi mkononi, anauliza nani anauawa.