ISO 400 ya kamera hii na ISO 400 ya ile

Funga kamera mbili za kampuni tofauti kwenye stendi, zote ISO 400 (namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata sekunde 1/125, mwanga uleule. Picha moja ikitoka na giza kidogo kuliko nyingine, usikimbilie kuita kamera hiyo mbovu. Mara nyingi zote ni nzima.

Chanzo kimoja ni kiwango chenyewe cha kimataifa kinachoeleza namba hizo, ISO 12232. Toleo la mwaka 2006 liliongeza njia mbili za kuipa kamera namba ya ISO. Ya kwanza, SOS (Standard Output Sensitivity), hutazama picha ya JPEG iliyokwisha kutengenezwa na kamera: kijivu cha kati kinatakiwa kitue kwenye 118 kati ya 255. Ya pili, REI (Recommended Exposure Index), ni legevu zaidi, kwani mtengenezaji hutangaza tu namba anayoona itatoa mwangaza unaofaa. Kwangu mimi, hicho si kipimo, ni ushauri. Tena zote mbili hazisemi chochote kuhusu faili ghafi (raw), yaani data ya sensa, kipande kinachopokea mwanga, kabla haijatengenezwa kuwa picha. Kampuni inaweza kupunguza ukuzaji wa mawimbi ya sensa ili mawingu yasiungue, kisha ikainua mwangaza inapotengeneza JPEG. Hapo ndipo mtu anapopima faili ghafi ya "ISO 400" na kukuta kama 280, yaani nusu stopu chini (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu).

Ukitaka kulinganisha kwa haki, anza na lenzi. Namba ya f inatokana na vipimo vya umbo tu. Haihesabu mwanga unaopotea ndani ya vioo. Tumia lenzi moja kwenye kamera zote kama adapta inaruhusu. Shata haisumbui sana: 1/125 kwa hesabu ni 1/128, na sekunde 30 mara nyingi ni 32. Taa za LED zinazopepesa ndizo zitakazokuharibia kazi. Zima ISO otomatiki na kila kitu kinacholinda sehemu angavu, piga kadi ya kijivu, halafu soma katikati tu, maana pembeni lenzi hutia giza.

Usisome namba za faili ghafi kwenye programu ya kuhariri picha kama Lightroom. Programu za aina hiyo husahihisha mwangaza wa kila modeli kimyakimya, na tofauti unayoitafuta inafutika. RawDigger, programu ya kuchunguza faili ghafi, huonyesha namba zenyewe. Toa kwanza kiwango cha nyeusi, yaani namba ambayo sensa hutoa hata bila mwanga. Tuseme sensa za kamera zote mbili hujaa, yaani haziwezi kurekodi mwanga zaidi, kwenye 15,000. Moja ikisoma 1,600 na nyingine 1,130, hiyo ni nusu stopu. Zikijaa kwenye viwango tofauti, gawa kila usomaji kwa kiwango chake kwanza.

Mtego mkubwa uko kwenye ulinganisho wa chenga, yale madoadoa yanayochafua picha. Anayeziachia kamera zijipimie mwanga, kisha akapanga picha kwa namba ya ISO, huenda moja imepiga kwa 1/125 na nyingine kwa 1/90. Ya pili imepata mwanga zaidi, lazima itoke safi! Mimi hufunga tundu na kasi, naacha namba ya ISO iende itakakokwenda, kisha nasawazisha mwangaza kwenye kompyuta kabla ya kuangalia chenga.