Breki inayokamata si breki kali

Tangu ukaguzi wa magari wa msimu huu wa kampeni ya usalama barabarani uanze, lalamiko linalotufikia mara nyingi ni la wamiliki wa magari ya zamani walionyimwa stika ya ukaguzi kwa sababu tairi liliinuliwa kwenye jeki likagoma kuzunguka. Wanahoji: breki zinashika namna hii, ubovu uko wapi? Kitengo chetu cha ukaguzi wa magari kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi, tukiamini kwamba hakuna anayependa kuendesha gari la hatari.

Breki inayoendelea kukamata baada ya mguu kutoka kwenye pedali ni breki iliyo njiani kufa. Pedi, yaani kipande kinachobana, inasugua diski, sahani ya chuma inayozunguka na tairi, muda wote; joto linapanda, linapita kwenye pistoni inayosukuma pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3, kwa kiwango chake cha chini, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya unyevu, na hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara haina huruma katika hilo, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndipo dereva anayeteremka Kitonga anakanyaga pedali na kukuta inakwenda mpaka chini bila kitu.

Dalili mnazijua: gari zito, halitambai kwenye tambarare, linavuta upande mmoja, harufu ya kuungua, rimu moja nyeusi kuliko nyingine. Petroli ikianza kuisha haraka, wengi hukimbilia kubadilisha plagi. Kabla ya plagi, endesha mwendo wa kawaida bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ileile, maana tairi za mbele huwa na joto zaidi ya za nyuma hata kwenye gari lisilo na ubovu. Na tafadhali, msimwagie maji diski iliyochemka. Inapinda au kupasuka, halafu mnalalamika kwamba spea za siku hizi ni feki.

Ukishajua ni tairi gani, usinunue kitu bado. Weka mawe kwenye tairi nyingine, inua gari likiwa limepata moto na tatizo bado lipo, kisha liweke juu ya stendi za chuma za kulishikilia. Jeki peke yake haitoshi. Zungusha tairi kwa mkono. Msuguano mdogo kwenye diski ni kawaida, kwa sababu kalipa, yaani kifaa kinachobeba pistoni na pedi, haina springi ya kuirudisha pistoni. Ni mpira wake tu unaoivuta nyuma kidogo. Lakini tairi likigoma, legeza nipo, skrubu ndogo ya kutolea upepo, kwenye kalipa hiyo na uangalie. Mafuta yakiruka na tairi likaachia palepale, presha ilikuwa imefungiwa ndani. Lisipoachia, ubovu uko kwenye kalipa yenyewe: pistoni ina kutu baada ya mpira wa vumbi kuchanika, au pini zake zimekauka. Pini hupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha mipira, na baada ya muda mfupi unarudi ulikotoka.

Presha ikiwa imefungiwa, funga nipo, kanyaga pedali tairi likamate tena, kisha legeza kiungo ambapo bomba la chuma linaingia kwenye hosi ya mpira. Tairi likiachia hapo, hosi ni nzima na tatizo liko kabla yake, kuelekea kwenye pedali. Lisipoachia hapo, wakati kwenye nipo liliachia, hosi imevimba kwa ndani: mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Kwa nje inaweza kuonekana nzuri kabisa. Badilisha ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, umri wake ni mmoja.

Tairi zote zikikamata kwa wakati mmoja, angalia masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Pedali lazima iwe na mchezo kidogo kabla ya fimbo yake kuanza kusukuma. Bila mchezo huo, kitundu cha kurudishia mafuta hakifunguki. Angalia pia mpira wa kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Ukiwa umevimba na kulegea, kuna mtu aliongeza oili ya injini au ya stelingi. Hapo hakuna njia ya mkato: mipira yote ya mfumo inabadilishwa na mabomba yanasafishwa. Kwa breki za dramu za nyuma, anza na waya wa handibreki, kwani mara nyingi umeliwa na kutu ndani ya ganda lake.

Sasa jambo ambalo kwa kweli limetuchosha. Baadhi ya mafundi, tairi likikamata, hubana bomba la breki kwa koleo na kulikunja, wanaita kuua breki ya tairi hilo. Gari linakuwa jepesi, mteja anafurahi. Ukifunga breki ghafla, gari linavutwa upande wenye breki, na upande huo unaweza kuwa na lori linalokuja. Mkaguzi hulitambua bomba lililokunjwa hata likifungwa kwa mpira, na hatujali ni fundi yupi aliyelikunja. Dereva ndiye mwenye usukani.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa tunaulizwa kila siku: kuendesha gari bovu ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Askari anaweza kukuandikia faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 kwa kosa, na breki pamoja na tairi kipara ni makosa mawili. Malipo ni kwa kontrol namba, si mkononi. Usipokubaliana na kosa, una haki ya kwenda mahakamani. Ubovu ukiwa mkubwa, gari linaweza kufunguliwa namba hadi likaguliwe upya. Kulipa faini hakukupi kibali cha kuendelea kuliendesha hivyohivyo. Tunarudia hili kwa sababu kuna wanaotuonyesha risiti kana kwamba ndiyo matengenezo.

Matengenezo yakikamilika, toa upepo kwa mpangilio wa kitabu cha gari lako, ukitumia mafuta mapya na si ile chupa iliyokaa wazi gereji tangu mwaka jana. Kisha usilete gari kwetu likitoka moja kwa moja kwenye stendi. Liendeshe kilomita 10 hivi kwa uangalifu, kwenye barabara isiyo na msongamano, ulinganishe tena joto la rimu. Likibaki sawa kushoto na kulia, njoo na kadi ya gari, bima na karatasi ya ukaguzi wa kwanza. Mkaguzi ataanza na tairi lilelile.