Msomi na konde: yanayosemwa visiwani na yalivyo

"Msomi ni wa ofisini, konde na bahari vina wenyewe."

Hili ndilo linalotugharimu zaidi. Chukua mbung'o wa Unguja, waliokuwa wakiambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Dawa ya kupaka ng'ombe na vitambaa vyenye sumu viliwapunguza, havikuwamaliza; msitu wa Jozani uliwahifadhi. Wataalamu wa wadudu walikuwa na mambo mawili mkononi: jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Basi madume wakafugwa Tanga, wakapigwa miale hadi wakawa tasa, na kuanzia 1994 wakamwagwa Unguja kwa ndege. Jike akishapandwa na tasa, hana kizazi tena.

Kazi hiyo huharibika kwa hesabu. Tasa wakiwa wachache kuliko wa porini, ni bure. Miale ikizidi, dume hukosa nguvu ya kuwania jike. Wengine wakiingia kutoka nje ya eneo, unaanza upya, na hapo bahari ilitusaidia. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Rubani na watega mitego walihitajika, tena sana, lakini aliyewaambia wamwage wangapi na wapi alikuwa msomi.

"Mtaalamu tutamwagiza nje."

Kweli, mbung'o walimalizwa kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ila mradi una tarehe ya kufungwa, na matatizo mengine hayana. Mwani umelimwa kibiashara tangu 1989, zaidi na wanawake, pwani kama za Paje na Jambiani. Aina ya kotonii ina bei nzuri, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia, lakini bei yake ni ndogo. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, akiwemo Dkt. Flower Msuya, walijaribu kuipanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ndani ya nyavu za mrija. Huko inaota, lakini panataka chombo na mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi hawana chombo wala hawajui kuogelea. Mgeni wa wiki mbili hagundui hilo.

"Ukitaka digrii, lazima uvuke bahari."

Ilikuwa hivyo zamani. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilianza 1998. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001.

"Cheti cha nje ni cheti, kazi itapatikana."

Si lazima. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo digrii ya nje hupimwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa huko huko vilipo. Ukirudi, peleka cheti pamoja na karatasi ya matokeo ya kila somo. Vilivyoandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza vifasiriwe kwanza. Wanaokwama mara nyingi ni walioondoka chuoni bila ya karatasi hiyo ya matokeo. Daktari na muuguzi wana hatua moja zaidi: usajili kwenye baraza la taaluma yao, na bila ya huo hawaruhusiwi kumgusa mgonjwa.